Kitanda cha Chumba cha Mwisho

Kabla ya kununua nyumba ile ya Nyahanga, niliikagua pamoja na fundi. Alipanda darini, akagonga kuta, akamwaga maji chooni. Chumba cha mwisho tukamkuta mama mwenye nyumba, mtu mzima, ameketi kitandani. Tukampa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, wanangu." Fundi akanitupia jicho. Nilijua anataka kitanda kisogezwe, maana huku kwetu watu huchimba dhahabu hata chumbani. Lakini nani amwinue mama wa watu kitandani kwake? Nikasema chumba ni kizuri, tukatoka.

Siku ya kuhamia, pale kilipokuwa kitanda tulikuta kiraka cha saruji mpya, kipana kama mlango. Nikakigonga kwa mchi. Chini palikuwa patupu. Mjinga mimi! Nilimtukana fundi, nikamtukana yule mama, nikajitukana mwenyewe. Ufa ukapanda ukutani mpaka dirishani. Sasa watoto wote wanalala sebuleni, na mimi silali kabisa.

Juzi walikuja mume na mke, bado vijana, kuikagua nyumba. Kitanda chetu tulikuwa tumekiweka juu ya kiraka. Walipofika chumba cha mwisho, yule binti akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

Mke wangu, ameketi palepale kitandani, akaitikia marahaba.