Popi na Kifo cha Kogo

Jumapili. Mvua asubuhi, jua kali mchana. Leo mbwa wa jirani amelia ile sauti ndefu, nikamkumbuka Popi wetu.

Nyanya yangu, tuliyemwita Kogo, alikuwa mgonjwa kitandani. Popi akalia mchana kutwa chini ya ghala la mahindi. Mama aliamini mbwa akilia hivyo anaona kifo, akatuambia tugeuze viatu vyote chini juu ili anyamaze. Niligeuza hata gambuti za Baba, nikidhani kifo kitapotea njia. Popi hakunyamaza. Baba akachukua kamba ya kumnyonga. Simlaumu, aliyekuwa anakufa ni mama yake.

Kogo akatoka amejifunga blanketi. "Mnanizika na bado nataka chai? Shikeni hiyo kichwa!"

Alifunua sikio la Popi. Harufu ya nyama iliyooza ikanipiga, na funza weupe, wanene, wakamwagika kwenye kiganja chake wakijikunjakunja. Nilitapika. Labda kuna mbwa wanaoona kifo, mimi sijui. Popi alikuwa anaumwa na sikio.

Jioni Mama, kwa furaha, alipika wali, chakula chetu cha Krismasi. Sisi tuliutazama tu ule weupe wake; ni Kogo peke yake aliyemaliza sahani.