Kaluki na Meli Mbili za Januari

Kaluki wa Matiliku aliichukia ile meli kubwa kabla hajaiona, na alipoiona hakupata sababu ya kubadili nia. Jina lake lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa herufi ndefu kuliko mlango wa kanisa, lakini yeye alikataa katakata kulishika. Akiitaja husema "lile ghorofa," kisha husonya, na msonyo wa Kaluki husikika hadi upande wa pili wa soko.

Meli yake yeye ilikuwa Adelina. Kama unashangaa vipi mama wa Makueni, mahali ambapo hata maji ya kunywa hufuatwa kwa punda, awe na meli yake, basi mlaumu Abdulkadir. Abdulkadir alizaliwa Mwingi, baba yake akiwa mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, na Kikamba alikizungumza kama mtoto yeyote wa pale. Alipokua alipata kazi ya kuhudumu melini, kutandika vitanda na kupeleka chai vyumbani. Siku moja akiwa likizoni alipita soko la Emali, akanunua vyondo vya Kaluki, vile vikapu vya kusukwa kwa mkonge, akavipeleka kwa abiria wake. Abiria hawakuuliza bei. Waliuliza ni nani aliyevisuka. Mwaka uliofuata Abdulkadir akamwita Kaluki Mombasa, aje ajibu mwenyewe.

Tangu hapo, kila Januari katika ile miaka ya themanini, Kaluki na akina mama wa kikundi chake walishuka pwani kuingojea Adelina. Ilikuwa meli ndogo, kuukuu, iliyopakwa rangi juu ya kutu. Abiria wake walikuwa wazee waliokwisha kuzunguka dunia mpaka wakachoka kujisifia. Walishuka ngazi polepole, wakaketi kwenye mkeka pamoja na akina mama, wakataka kujua kiondo hiki ni cha mkono wa nani na rangi hii imetoka kwa gome la mti gani. Mwaka uliofuata walirudi wakiuliza habari za yule yule.

Mkubwa wao kwa maneno alikuwa mama mmoja Mjerumani aliyeitwa Gerda. Kaluki alimwuliza siku moja, Abdulkadir akitafsiri, kwa nini mtu mwenye uwezo wake anajibana kwenye chombo kama kile na mpya zipo. Mama Gerda alicheka. Alisema hizo mpya alizijaribu. Humo alipotea akitafuta mlango wa chumba chake mwenyewe, akapanga foleni kwa ajili ya yai, na safari ikaisha hajamjua hata mtu mmoja wa jikoni. Kwenye Adelina nahodha hula meza ya jirani. Meli inaingia mpaka ndani ya vibandari vya visiwani, mahali ambapo zile kubwa hubaki nje na watu huletwa kwa mashua. Injini ikikohoa, abiria wote wanasikia, na asubuhi wanauliza imeamkaje. Tena karibu kila anayepanda alishawahi kupanda, kwa hiyo mazungumzo huanzia pale yalipoachwa.

Kaluki alilielewa jambo hilo bila kuongezewa neno. Ni watu wa kutaka kujuana, basi. Hata kwao Matiliku kulikuwa na maduka mapya yenye vioo, na bado yeye sukari alinunua kwa mtu anayemjua.

Halafu kulikuwa na suala la ndengu, zile choroko za Ukambani. Ukambani humpi mtu kiondo kitupu, ni kama kumtakia njaa. Kila chombo kilichouzwa kwenye mkeka ule kilitiwa konzi mbili tatu za ndengu, na wazee wale wakalichukulia jambo hilo kwa uzito wake. Walipanda nazo mpaka jikoni, mpishi akazichemsha, na jioni meli nzima ikala ndengu za Matiliku. Mpishi huyo alifikia kumtumia Kaluki salamu kila mwaka, na malalamiko pia, kwamba zimechelewa kuiva.

Januari ya mwaka wa themanini na sita, Mama Gerda aliomba kitu. Alitaka kiondo kimoja kikubwa cha mkono wa Kaluki mwenyewe, michoro achague Kaluki, kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kumsumbua na hakujua atarudi mara ngapi. Kaluki alimshika mkono akamwahidi: mwaka ujao nitakupa mkononi mwako. Mwaka mzima alisokota mkonge pajani mpaka ngozi ikachubuka. Alichemsha magome, akatupa rangi isiyompendeza, akachemsha tena. Kufikia Krismasi kiondo kilikuwa kimekamilika, na hakuna mwanamke Matiliku aliyekipita bila kukigeuza-geuza.

Hapo ndipo Mathenge alipoingia na maarifa yake. Mathenge alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu pale Emali, mwenye lori lililowapeleka akina mama Mombasa. Alikuja na habari kwamba siku ile ile Adelina inapotia nanga, itafika pia meli mpya, kubwa, yenye bwawa la kuogelea juu. Langoni kikundi hupewa pasi ya kuuza kwenye gati moja tu, kwa hiyo lazima wachague.

"Mama Ndila, hii mambo ni rahisi," alimwambia Kaluki mbele ya wenzake, akimwita kwa jina la mwanawe. "Moja iko na wazee wachache wa kutembea na fimbo. Ingine iko na watu elfu mbili. Sasa wewe unataka kuuzia nani?"

Kaluki alijua la kujibu, na hakulijibu. Alichelea kuambiwa anawaficha wazungu wake, kwani tayari Nthenya, msusi hodari mwenye ulimi usiokaa kinywani, alikuwa ameanza kunong'ona hivyo. Mikono ikainuliwa, ghorofa likashinda. Kaluki alikubali shingo upande, akajipa moyo kwamba mchana atachomoka, apeleke kiondo chake gati la pili, arudi. Ujinga wa kunyamaza ulimkera kuliko hata kushindwa.

Waliingia bandarini asubuhi wakiwa na vyondo vingi kuliko mwaka wowote, vyote vimetiwa ndengu. Ghorofa lilikuwa limesimama pale limeziba anga, madirisha juu ya madirisha. Akina mama walitandika mikeka wakangoja. Milango ikafunguliwa, watu wakamiminika, na wote wakaingizwa moja kwa moja kwenye mabasi yaliyokuwa yakinguruma kando, tayari kuwapeleka mbugani. Waliotupia mkeka jicho waliharakishwa na kijana mwenye kibendera. Mmoja alikuwa amebeba kiondo tayari, cha nyuzi za plastiki, alichokinunua dukani humo humo melini. Nthenya alikitazama mpaka basi likaondoka.

Wachache waliochelewa mabasi ndio walionunua. Walipofika ngazini mlinzi wa meli akapekua vyondo, akakuta ndengu. Akapiga kelele kwa Kiingereza, akaja afisa wa bandari, na afisa akasema mbegu za shamba haziruhusiwi kuingia chomboni, kila kiondo kimwagwe, vya mkekani na vilivyouzwa. Nthenya alijaribu kumweleza kwamba kiondo kitupu hakipewi mtu. Afisa alikuwa mtu wa pwani, akamwona kama anayemchezea. Ndengu zilimwagwa, zikatawanyika sakafuni, zikaingia kwenye mifereji ya reli za winchi za kupakulia mizigo. Basi ikaamriwa ziokotwe zote, na kwa kuwa pasi ilikuwa kwa jina la Kaluki, yeye asiondoke hapo mpaka afisa aridhike.

Kaluki aliokota. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kushuka, naye yuko magotini anachokoa ndengu kwa kijiti chini ya ubavu wa meli asiyoitaka, kiondo cha Mama Gerda kimening'inia mgongoni. Aliikasirikia meli, akamkasirikia Mathenge aliyelala ndani ya lori, akajikasirikia yeye mwenyewe zaidi. Mara mbili alimwomba afisa dakika chache tu, na mara mbili akaonyeshwa mfereji.

Alipoachiliwa alikwenda mbio, shuka limemteleza, hajali. Adelina ilikuwa bado ipo, moshi mwembamba ukitoka. Wazee watatu wanne walimpungia kutoka juu wakimwita kwa jina. Abdulkadir alishuka ngazi akiwa amevaa koti lake jeupe, na Kaluki akamwambia kwa pumzi iliyokatika amwite Mama Gerda, maana ahadi ni ya mkono kwa mkono.

"Mwaitu," Abdulkadir alisema, kwa lile neno la heshima ambalo Mkamba humwita mama yake, "Mama Gerda hayuko huku."

"Ameenda mjini?"

"Hakuja na sisi mwaka huu. Magoti imekataa kabisa. Watoto wake wamemkatia tiketi ya ile kubwa, sababu iko na lifti na daktari. Huyu rafiki yake wa meza moja ndiye ameniambia. Wasioweza kutembea hawashushwi. Yuko tu huko juu, kule umetoka."

Kaluki aligeuka akarudi njia ile ile, na kabla hajafika alisikia honi. Ghorofa lilikuwa na saa yake, nayo ilikuwa imetimia. Ngazi zilishavutwa. Alisimama ukingoni akakiinua kiondo kwa mikono miwili juu ya kichwa chake akaita, "Gerda! Mama Gerda!" huku macho yakikimbia dirisha hadi dirisha. Watu wengi sana walikuwa wamejipanga kwenye vyuma vya juu, na wote walipunga mkono, kama wanavyoipungia bandari yoyote. Aliendelea kuita mpaka sauti ikakauka, na hata leo hajui kama aliyemtaka alikuwa miongoni mwao.

Jioni walipanda lori na mzigo karibu wote waliokuja nao. Nthenya, ambaye kuomba radhi kwake ni kazi ngumu, alisema mbele ya wote kwamba Kaluki alikuwa anajua na wao hawakujua. Mwaka ujao, alisema, ni Adelina, na atakayeinua mkono kwa ajili ya ile nyingine atarudi kwa miguu mpaka Emali. Wote waliitikia. Hata Mathenge, akiwa amesimama chini na ufunguo mkononi, alikiri kwamba hesabu yake ilimdanganya. Wakamgeukia Kaluki wamwone akifurahi.

"Mwaka ujao tunaenda kwa ile kubwa," Kaluki alisema.

Nthenya akamwuliza kama jua limempiga.

"Mtu wangu yuko ndani ya hiyo. Nikimkosa tena, nimkose nikiwa nimesimama hapo."

Alikilaza kiondo mapajani akakifuta vumbi kwa ncha ya kitambaa. Mathenge alizunguka mbele akawasha lori.