Corliss Brandvold Asomea Nusukaputi

Orville Stroh alikuwa amewalaza watu wa Halvard kwa miaka thelathini na minne, na wote waliamka, isipokuwa wawili ambao hata ndugu zao hawakutegemea waamke. Hospitali ya mji ule mdogo wa Dakota ya Kusini ilikuwa na vitanda kumi na sita na muuguzi mmoja tu wa nusukaputi, naye ndiye huyo Orville. Alipotimiza miaka sitini na saba alimsimamisha Corliss Brandvold kwenye korido, akamwambia anataka kustaafu.

"Hongera, mzee," Corliss alisema.

"Hongera ya nini? Nikiondoka mimi, hakuna upasuaji. Pasipo upasuaji, wodi ya wazazi wanaifunga. Kina mama watakwenda kujifungulia maili tisini kutoka hapa, wakijaaliwa kufika. Nenda wewe kasome."

"Nina miaka arobaini na moja, Orville."

"Nani kakuuliza umri?"

Corliss alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, mke wa Lyle, fundi wa mashine za kuvunia ngano. Alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na minane, na sita kati ya hiyo aliitumia katika wodi ya mahututi ya mji mkubwa, akienda na kurudi. Chuo cha nusukaputi kilitaka uzoefu huo. Kilitaka pia kemia, na kemia yake ilikuwa ya zamani mno. Akairudia pamoja na wanafunzi wa miaka kumi na tisa, ambao kwa wiki mbili nzima walidhani yeye ndiye mwalimu.

Alipoitwa kwenye usaili alikuta watu watatu nyuma ya meza. Mmoja akamuuliza ni kitu gani kinachomtisha kuliko vyote.

"Nyoka," alisema Corliss.

Watu wale watatu wakaandika kitu. Barua ya kumkataa ilifika baada ya siku tisa, na ilikuwa ya adabu sana.

"Walikuwa na maana ya chumba cha upasuaji," Lyle alimwambia.

"Najua sasa."

Mwaka uliofuata akaomba tena. Meza ileile, swali lilelile. Safari hii akajibu, "Mgonjwa ameacha kupumua, na mimi nimeridhika kwamba yuko sawa." Wakaandika tena. Wakamchukua.

Masomo ya uzamivu katika nusukaputi ni miaka mitatu, na chuo humshauri mwanafunzi aache kazi. Corliss akaacha. Alipanga chumba mjini, Ijumaa akirudi Halvard na begi la vitabu. Alijifunza gesi, mishipa, moyo, na jinsi dawa moja inavyoweza kumtuliza mtu au kumwua, kutegemea nani ameshika bomba la sindano. Kanisani alianza kuwatazama watu shingo na taya, akipima nani angekuwa rahisi kumwingiza mpira wa hewa kooni na nani angesumbua. Mchungaji alikuwa na shingo fupi. Corliss alisikiliza mahubiri yote kwa wasiwasi.

"Fungua mdomo," alimwambia Lyle mezani.

"Si nakula?"

"Ndiyo maana. Kwani nimekuambia ufunge?"

Mama yake Corliss, Ardis, aliyekuwa na miaka sabini na minne, alikataa katakata kufunguliwa mdomo. "Meno haya nimeyanunua mimi," alisema, "na anayeyaangalia ni mimi."

Orville alipiga simu kila mwezi.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Haya." Akakata.

Mwaka wa pili Corliss aliwekwa chini ya Yolanda Pruitt, muuguzi wa nusukaputi aliyesimamia wanafunzi na ambaye hakuwahi kupaza sauti, jambo lililowatia watu hofu zaidi. Asubuhi moja waliletewa dereva wa lori, mtu wa kilo mia na arobaini, atolewe mfuko wa nyongo. Corliss akampa dawa, dereva akalala. Akaingiza mpira. Akatazama kioo cha mashine, mahali panapotakiwa kupanda vilima vidogo kila mgonjwa anapotoa pumzi. Hapakuwa na vilima. Palikuwa na mstari, umelala kama barabara ya kwenda kwao.

"Mpira uko wapi?" Yolanda aliuliza.

"Tumboni."

"Basi utoe."

Akautoa. Wakampa mgonjwa hewa kwa barakoa, kisha Yolanda akauingiza mwenyewe, vilima vikapanda. Saa mbili baadaye dereva alifumbua macho, akauliza watamfanyia upasuaji saa ngapi.

Corliss alikwenda kwenye stoo ya mashuka akakaa juu ya rundo la taulo. Yolanda akaingia, akafunga mlango.

"Unalia?"

"Hapana. Nafikiria kurudi nyumbani."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Yolanda akachukua taulo moja, akaikunja upya kwa sababu ilikuwa imekunjwa vibaya. "Nilikuuliza mara moja tu, ukasema tumboni. Wapo wanaobishana na mashine mpaka mgonjwa anakuwa wa buluu. Hao ndio ninaowarudisha kwao." Akaiweka taulo. "Saa nne tuna mwingine. Mwembamba."

Corliss akanyanyuka akaenda.

Mradi wake wa uzamivu ulihusu baridi. Aliona kwamba wagonjwa wa hospitali ndogo hutoka kwenye upasuaji wakitetemeka, akapendekeza wapashwe joto nusu saa kabla ya kuingia. Alifuatilia wagonjwa themanini na wanne. Siku ya kuutetea, jopo lilimwuliza maswali manne, mojawapo kuhusu alama ya mkato katika ukurasa wa thelathini na moja. Akauondoa mkato. Akawa Daktari Brandvold.

Uliobaki ulikuwa mtihani wa taifa wa kupata leseni, ambao kompyuta huukatiza yenyewe ikishajua wewe ni mtu wa kufaulu au wa kuanguka. Yake ilijizima kwenye swali la mia na kumi na mbili. Corliss aliona aibu kusimama. Mhudumu akamkabidhi karatasi, naye akaenda kuisoma garini: amefaulu. Akakaa pale akala mfuko mzima wa mbegu za alizeti, kisha akampigia Orville, aliyekuwa sasa na miaka sabini na mbili.

"Nimemaliza."

"Jumatatu," alisema Orville, akakata.

Jumatatu hiyo aliletwa Tawnya Ruud, mjamzito ambaye mapigo ya moyo wa mtoto wake yalikuwa yakishuka. Ilibidi apasuliwe upesi. Corliss alimketisha ukingoni mwa kitanda ili amchome ganzi ya mgongo.

"Wewe ndiye daktari?" Tawnya aliuliza, meno yakigongana.

"Ni muuguzi. Nina uzamivu."

"Sasa ndiye au siye?"

"Kunja mgongo kama paka aliyekasirika, mama. Usitikisike."

Sindano ya kwanza iligonga mfupa. Ya pili ikapita, maji ya uti wa mgongo yakadondoka, safi. Dakika sita baadaye mtoto wa kike alitoka akiwa wa zambarau, akanyamaza kidogo, halafu akapiga kelele zilizosikika hadi jikoni.

Orville alikuwa amesimama ukutani muda wote, mikono nyuma. Corliss alipomaliza kuandika, akamgeukia.

"Vipi?"

"Kiwiko chako cha kushoto kinapanda," alisema Orville. Akavua kofia ya upasuaji, akaitupa kwenye pipa, akamwacha na zamu.