Picha yangu ya chemo ilichangiwa pesa Ikutha kwa jina la mwanamke mwingine

Wakuu, natumai mko salama. Mimi ni msomaji wa kimya hapa, miaka mingi sijawahi kuandika kitu.

Leo naandika yaliyonipata mimi mwenyewe na chumvi sijaongeza. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu hawa watu bado tunakula nao sahani moja.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, naishi Nunguni, nauza kabichi na avocado sokoni. Nilipatikana na cancer ya matiti. Nikafanyiwa upasuaji, kisha nikaanza chemo.

Katikati ya chemo, cover yangu ya matibabu ikaisha. Daktari akatuambia cycle zilizobaki, yaani awamu za dawa, tujilipie, na kwamba nikiziruka ugonjwa unaweza kurudi na nguvu.

Familia ikasema tufanye harambee. Nikakataa kabisa.

Nijieleze hapo. Mimi sina imani na watu. Huku kwetu ukishachangiwa, kila aliyetoa mia mbili anakuwa landlord wako. Ukinunua soda wanasema ni pesa yao. Ukicheka sokoni wanaulizana kama kweli wewe ni mgonjwa. Nikawaambia heri nife na heshima yangu.

Mdogo wangu Kyalo ndiye aliyeniokoa. Alikuja akasema ameuza fahali wake, akalipa cycle moja. Iliyofuata akasema amepata kazi ya mjengo, akalipa tena. Nililia, nikambariki mpaka watoto wake ambao hawajazaliwa.

Hapo ningepaswa kushtuka, kwa sababu Kyalo na kazi ya mjengo hawajawahi kukutana. Lakini nilikuwa nashuku kila mtu isipokuwa anayelipa.

Sasa, nina rafiki yangu anaitwa Syombua. Tulisoma pamoja, akaolewa Ikutha. Siku moja akanitumia kwa WhatsApp screenshot ya page moja ya michango.

Nikaona uso wangu.

Nimekaa kitandani kwangu, kichwa kipara, nyuma kuna pazia langu la maua. Chini imeandikwa: "Saidia Agnes wa Kyuso, mjane, amalize matibabu." Kisha namba ya kutuma pesa.

Syombua ameandika: "Huyu si wewe? Na sisi kanisani tumechangia huyu Agnes!"

Mimi si Agnes. Kyuso sijawahi kukanyaga. Na mume wangu alikuwa hapo nje anapasua kuni, mzima kabisa.

Nilikasirika sana. Yaani mtu anakula na ugonjwa wangu, na mimi nimejikaza nisimwombe mtu hata shilingi!

Nikatuliza kichwa. Hiyo picha aliipiga mume wangu kwa simu yake, tukawatumia watu wawili tu, dada yangu Mwende na Kyalo. Kwa hivyo mwizi alikuwa mmoja wa hao watatu.

Mume wangu hajui hata kuweka status, lakini nilimshuku, ndoa ni ndoa. Macho yangu hasa yalikuwa kwa Mwende, kwa sababu alikuwa amenunua viti vipya vya sebule na hakueleza vizuri.

Sikumwambia mtu. Jumapili tu niliomba kwa sauti Mungu amuumbue kila anayenila kisirisiri. Kyalo aliitikia Amina kuwashinda wote.

Kisha nikaweka mtego.

Nilipiga picha tatu mpya. Mume wangu nikamtumia nikiwa nimeshika thermos. Mwende, nikiwa na kikombe chekundu. Kyalo, nikiwa nimempakata paka. Wote nikawaandikia kwamba leo nasikia afadhali. Syombua nikamwomba aendelee kuangalia hiyo page.

Wiki haikuisha, page ikaweka picha mpya na maneno. Agnes wa Kyuso anaendelea vizuri, bado cycle mbili, Mungu awabariki nyote. Na amempakata paka.

Mwende, ukisoma hapa, nisamehe. Viti ni vizuri.

Nilimwita Kyalo jikoni nikamwekea simu mbele yake bila salamu. Hakukana.

"Sister, wewe si ulikataa harambee? Sasa mimi ningefanya aje? Nikuangalie tu ukikufa na hiyo heshima yako?"

"Na fahali?"

"Fahali ako kwa uncle. Nani angenunua hiyo mifupa na hii kiangazi?"

"Na hiyo simu mpya uliyoshika?"

Akaiingiza mfukoni, akasema ni ya mkopo. Wakuu, hiyo simu mpaka leo naiangalia kwa jicho la pembeni.

Lakini chemo nilikuwa nimepata, hilo siwezi kukana. Mwizi niliyekuwa namtafuta ndiye aliyeniweka hai.

Nikinyamaza, cycle mbili zilizobaki zinalipwa. Nikisema, pesa inakauka. Niliogopa kufa, sitawadanganya. Siku kadhaa nilikuwa upande wa kunyamaza.

Kilichonishinda ni Syombua. Alipiga simu kuniambia akina mama wa Ikutha wanafunga na kuomba kwa ajili ya Agnes. Nilipokata simu nikamwita Kyalo, nikamwambia imetosha.

Kyalo akafuta page. Jumapili tukaenda naye Ikutha, nikasimama mbele ya kanisa nikasema yote.

Mama mmoja mzee akasimama. "Mimi niliuza kuku yangu juu ya Agnes. Mjane kama mimi. Wewe uko na bwana." Akachukua mkoba wake akatoka. Wengine wakamfuata.

Waliobaki, pastor aliwaambia wasinipe pesa mkononi. Akapiga simu wodini mbele ya watu wote, wakathibitisha mimi ni mgonjwa wao. Cycle moja wakailipa moja kwa moja hospitali.

Ya mwisho nilisaidiwa na ofisi ya social worker wa hospitali, wakanipunguzia bili. Mlango wa hiyo ofisi nilikuwa naupita kila nikienda chemo. Niliogopa maswali yao.

Nimemaliza chemo, sasa niko kwa checkup. Yule mama nilimpelekea kuku wawili, akakataa kuwapokea. Ningekuwa yeye, ningekataa pia.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla ya kumtumia mgonjwa pesa, piga simu hospitali kwanza, halafu ulipe huko huko.

Na wewe mgonjwa mwenye kiburi kama changu, omba mapema, kwa uso wako na jina lako, kabla anayekupenda hajaanza kukuombea kwa jina la mwingine.

Aliyepitia haya aandike hapa, hasa kama unajua njia nyingine za kusaidiwa bili. Na wewe unayesoma ukijiuliza kama haya ni ya kweli au ni mbinu nyingine, uko sawa kabisa. Namba ya kutuma pesa sijaweka, na sitaweka.