Kisu Kiligonga Mara Mbili

Umewahi kumsaliti anayekuamini ili umwokoe? Bi Sariyem, muuza samaki wa soko dogo la Yogyakarta, Indonesia, alibakiwa na saa moja. Daktari aliyekuja kuwafunga paka kizazi angeondoka adhuhuri, na mkuu wa soko alishaapa: paka koko aliyekuwa akilishwa na Sariyem akizaa tena, atawatilia sumu paka wote.

Paka aliuzunguka mtego wa kizimba alioutega Sariyem, akanusa, akarudi nyuma.

"Dada, huyo kakuzidi akili," alicheka Painem, muuza tofu, ile jibini ya soya, wa meza ya pili.

"Hebu funga mdomo, utamtisha!"

Kila siku Sariyem hugonga kisu kwenye kibao mara mbili, ndipo humtupia matumbo ya samaki. Hakutaka kuitumia ishara hiyo kumnasa. Sasa akagonga. Paka akaingia bila kusita. Mlango ukaanguka, na kilio chake kikasikika soko zima.

"Nisamehe, mwanangu."

Asubuhi iliyofuata paka aliachiliwa, ncha ya sikio imekatwa kuwa alama kwamba amefungwa kizazi. Sariyem akagonga mara mbili. Paka akamtazama, kisha akaenda kujilaza chini ya meza ya Painem, pasipo na samaki, ila tofu tu.