Kurasa Alizoziruka Mama Allen

Kitabu kilikuwa kimoja na wasikilizaji saba. Ndivyo walivyozoea pale Njiro, barazani kwa Pudensiana, kila Jumamosi saa kumi jioni. Mmoja wao alileta kitabu, Pudensiana akakisoma kwa sauti, na wengine wakafuma vitambaa, wakanywa chai ya tangawizi na kusikiliza.

Wenzake walimwita Pudensiana Mama Allen, kwa jina la mwanawe wa kwanza anayeishi Mwanza. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mbili, mzaliwa wa Rombo, aliyefanya kazi ya katibu muhtasi chuoni kwa miaka thelathini. Kanisani alikuwa akisoma masomo ya Jumapili, mpaka paroko mpya alipowapa vijana zamu zote. Hakulalamika. Alirudi nyumbani, akapanga viti barazani, akaanzisha kikundi chake. Siku sita za juma nyumba ilikuwa na redio na paka tu. Siku ya saba watu walinyamaza ili yeye asikike. Hiyo ndiyo saa iliyokuwa imembakia, na aliilinda kama watu wanavyolinda shamba lililo mpakani.

Kikundi kilikuwa na sheria, na zote alizitunga yeye. Simu zizimwe. Kitabu kikae kwa msomaji juma zima ili ajiandae. Na mwenye kitabu asisimulie mbele, hata neno moja. Hii ya mwisho aliiweka baada ya rafiki yake Hanna kutaja muuaji wa riwaya wakiwa bado sura ya pili.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Hanna alimleta mwanachama mpya. Aliitwa Naserian, mama wa Olasiti aliyezaliwa huko magharibi ya Mlima Meru. Alikuwa amepika miaka ishirini katika kambi za watalii, ya mwisho ikiwa kule Momela. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, anayecheka kwa mabega. Jumamosi yake ya tatu alitoa mfukoni kitabu chenye jalada lililochakaa, alichokipata kwenye meza ya vitabu vya mitumba. Kilikuwa cha safari. Bwana mifugo mmoja mstaafu alikuwa akieleza jinsi alivyokwenda kwa mabasi kutoka Arusha hadi Songea kuhudhuria harusi ya mpwa wake, na kila lililoweza kwenda mrama likaenda.

Pudensiana alisoma sura ya kwanza vizuri, kama kawaida yake. Watu walicheka mpaka Hanna akamwaga chai.

"Naserian, we mwanamke ulikuwa wapi siku zote?" Hanna alisema huku akijifuta. "Miaka minne tunasoma vitabu vya vilio na mazishi!"

"Mimi nilishadhani kikundi hiki ni cha matanga," alisema Mzee Philemoni, mwanamume pekee pale, bwana shamba mstaafu.

Vingi vya vitabu hivyo vya vilio na mazishi alikuwa amevileta Pudensiana mwenyewe. Hakuna aliyemtazama aliposema, "Karibuni chai." Hakuna aliyemsifu kwa kusoma. Wote walikuwa wamegeuza viti kumwelekea Naserian, na Hanna, rafiki yake wa miaka ishirini, alikuwa amemshika yule mgeni goti.

Juma lile Pudensiana alijiandaa kusoma sura ya pili. Aliisoma jikoni, maharage yakichemka. Kondakta anadai jogoo wa zawadi akatiwe tiketi. Bwana mifugo analipa, kisha anasema aliyelipa nauli ana haki ya kiti, na jogoo anakalishwa kiti namba kumi na nne. Njiani anapanda mkaguzi wa mabasi, hapati pa kukaa, anaambiwa amwombe jogoo asogee. Pudensiana alicheka peke yake mpaka akashika meza.

Kisha akawaza. Aliwaona wenzake wakicheka hivyo hivyo, akaona nyuso zao zikigeukia wapi. Kicheko kikamkatika. Alizihesabu kurasa zile, zilikuwa tisa. Wivu haumwombi mtu afanye jambo kubwa. Humwomba jambo dogo linaloweza kufanyika kwa kidole kimoja, naye akajiambia kwamba kuruka si kudanganya.

Jumamosi alisoma kama mtu anayesoma kumbukumbu za kikao. Alifika kwenye zile kurasa tisa, akazifunua zote kwa pamoja, akaendelea.  Sindano za kufumia tu zilisikika. Naserian aliinua kichwa, akafungua mdomo, akaufunga. Sheria ilikuwa sheria.

Bwana mifugo akaingia Dodoma, kwenye nyumba ya wageni.

"'Asubuhi mhudumu aliniuliza,'" Pudensiana alisoma, "'kama jogoo naye atakunywa chai.'"

"Jogoo gani?" Hanna aliuliza.

"Jogoo."

"Nimesikia jogoo. Ametoka wapi? Jana yake huyu bwana alikuwa na begi na mwavuli tu."

"Labda amepandia Singida," alisema Mzee Philemoni.

"Mama Allen, hebu rudi nyuma kidogo."

Pudensiana alibana ukurasa kwa kidole gumba. "Hakuna cha kurudia. Mwandishi mzembe. Wanaandika haraka haraka siku hizi, wanasahau hata kutueleza kitu kimetoka wapi."

"Aisee, anaharibu," mzee alisema. "Sura ya kwanza ilikuwa tamu. Mimi naona tukiache."

Wengine walikubali. Pudensiana alikuwa ameshinda. Alimtazama Naserian aone anavyoumia, akakuta anatazamwa. Macho ya yule mama hayakuwa na hasira. Yalikuwa yamejua.

"Basi nipe mimi nikaazime," Hanna alisema, akinyoosha mkono. "Nikamtafute huyo jogoo nyumbani. Hawezi kupotea kwenye kitabu."

Mkono wa Pudensiana ulikaza jalada. Hanna angefungua ukurasa mmoja tu, na kila kitu kingekuwa wazi. Kiti, baraza, urafiki, vyote vingeondoka kabla ya jua kuzama.

"Samahani dada Hanna," Naserian alisema taratibu. "Nimeshamwahidi mtu wa kanisani kwetu. Ananingoja." Akakichukua kitabu mikononi mwa Pudensiana, akakirudisha mfukoni, akaaga.

Hapo mtu angetegemea Pudensiana ashukuru. Hakushukuru. Aliosha vikombe kwa nguvu mpaka kimoja kikavunjika kishikio. Alikuwa amezoea kumwonea wivu Naserian kwa kitabu, kwa kicheko, kwa goti lililoshikwa na Hanna. Sasa ilibidi amwonee wivu kwa wema pia. Yule mpishi alikuwa amemsitiri mbele ya watu, bila kutaka malipo, na kwa kufanya hivyo alikuwa amempita hata pale ambapo Pudensiana alijiona hana mshindani. Kwa siku tano alitafuta ubaya wa Naserian kama mtu anayepekua mchele. Alitamka r kwa kuiviringisha mno. Viatu vyake vilikuwa na vumbi. Zaidi ya hayo hakupata kitu.

Siku ya sita alimpigia simu.

"Njoo na kile kitabu kesho."

"Dada, walisema tukiache."

"Njoo nacho."

Naserian alikuja nacho. Chai ilipomiminwa Pudensiana hakukaa kwenye kiti chake cha kusomea. Alisimama kando yake, mkono mmoja mgongoni mwa kiti.

"Jogoo alikatiwa tiketi," alisema.

Walimtazama.

"Kwenye kitabu. Kuna kurasa tisa za jogoo. Mwandishi hakusahau. Niliziruka mimi."

"Ziligandana?" Hanna aliuliza.

Mlango huo ulikuwa wazi, na kwa nukta moja Pudensiana aliutamani. "Hazikugandana. Niliziruka kwa sababu zinachekesha. Nilijua mtacheka, na kicheko chenyewe kingekuwa cha Naserian. Naye alijua tangu siku ile, akaninyamazia."

Mzee Philemoni aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo yule bwana mifugo wa watu tumemtukana bure?"

"Mtukaneni aliyestahili."

Hakuna aliyemtukana. Kutukanwa kungekuwa nafuu. Uso wa Hanna ulishuka, akasema kwa sauti ndogo, "Ungeniambia tu, Pude. Kwamba unaona nimekusahau." Akageuka. "Naserian, soma wewe. Leo simwamini huyu."

Neno hilo lilikuwa la haki, kwa hiyo lilichoma.

Naserian alikataa mara mbili, kisha akakaa kwenye kiti. Hakuwa msomaji. Alifuata mistari kwa kidole, akakwama, akarudia, akaziviringisha zile r zake. Alipofika kwa mkaguzi aliyeambiwa amwombe jogoo asogee, alishindwa kabisa kuendelea kwa kucheka, akawa anawapungia mkono wasubiri, na huko kushindwa kwake kuliwachekesha kuliko maandishi yenyewe. Mzee Philemoni alilia machozi. Pudensiana alijua angeisoma sehemu ile vizuri mara kumi. Alijua pia kwamba isingechekesha hivyo. Alicheka na wenzake, na bado alihisi kitu kikimkwaruza chini ya kifua, kile kile cha juma lililopita. Kuungama hakukuwa kumekiondoa.

Chai ilipokwisha mzee aliuliza, "Haya, wiki ijayo nani anasoma?"

 Naserian alianza kuinuka ili arudishe kiti kwa mwenyewe. Hanna alikuwa anatazama sakafu. Pudensiana aliona kwamba akisema neno moja tu, yule mama angempa kiti, na wengine wangekubali kwa kumhurumia.

"Kaa," alimwambia Naserian. "Ni sura ya tatu. Jiandae, usije ukakwama tena."

Kisha akaenda kuwafungulia geti.