Beterave Zilizokataa Kuzaa

Jumatatu nililetewa habari kutoka Kibabi kwamba mama mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, amefariki. Ugonjwa ndio uliomchukua, si risasi, na kwetu Masisi siku hizi hiyo nayo ni habari. Jina lake nawaachia wanawe. Majirani walimwita mama wa beterave, kwa sababu ya kile kiazi chekundu kinachopaka vidole rangi hadi kesho yake. Mimi sikipendi, kina ladha ya udongo, na nilimwambia wazi. Alicheka tu, akaniongezea kingine kwenye sahani.

Mbegu aliachiwa na mama yake mzazi, na hakuwahi kununua ya paketi. Shida ni kwamba beterave haitoi mbegu msimu uleule. Lazima uchague zilizo bora kuliko zote, usizile, uzirudishe udongoni, kisha ungoje baridi ya milimani izifanye zitoe shina na maua. Nani atangoja hivyo katika vita? Mapigano yalipofika kwake, mbegu haikuwa tayari. Alikimbilia Mpofi, huko Walikale, kwa binti yake aliyeolewa, akiwa amebeba beterave zake bora kikapuni, chini ya nguo. Nyumba ile ilikuwa na njaa, lakini alimkatalia hata mkwe wake. Akazipanda nyuma ya jiko. Zikatoa majani tele, yakaliwa, ila maua hakuna.

“Huku iko joto mingi,” akamwambia binti yake. “Njo maana zinakataa kuzaa. Narudia kule juu.”

“Mama, unaenda kufa juu ya beterave?”

“Siendi kufa. Naenda kutafuta baridi.”

Waliosema akiba haiozi hawakuwahi kubeba beterave; zake zilishaanza kulainika. Njia ilipotulia kidogo alizing'oa, akapanda milima nazo. Nyumba aliikuta haina bati hata moja. Alizipanda kwanza, ndipo akatafuta pa kulala. Maua yakaja.

Nami kinachonikasirisha ni huu wimbo wetu wa “vita viishe kwanza”. Shule ingoje, mti ungoje, harusi ingoje. Simlaumu mwenye njaa anayekula mbegu, nami nimewahi kulala njaa. Lakini tumezoea kuvuna kama watu ambao kesho hawatakuwepo, halafu tunanyoosha mikono kuomba paketi nyingine. Mama huyu alikataa, na ukaidi wake ulizipa mbegu bustani nyingi za Kibabi.

Nilimlilia, sifichi. Kwenye matanga wageni walikuwa wengi kuliko chakula, na wapishi wakaingia bustanini na jembe. Yule binti wa Mpofi akasimama mbele yao, macho yamevimba kwa kilio.

“Zile zenye maua, hapana. Ziko zinazaa.”

Basi, msomaji wangu, bunduki zilie au zinyamaze, wewe panda. Na siku ya kuvuna, iliyo nzuri kuliko zote usiile.